Moto Usivuke Ua

…na bado amesimama pale, hajaondoka, nilidhani nikiinamia ungo nikachekecha kwa nguvu atachoka aende zake, lakini miguu yake naiona chini ya minyaa, miguu mitupu yenye tope la jana, na unga huu wa yanga unashuka njano kwenye ungo, mahindi ya msaada yaliyovuka bahari yakafika Babati yakiwa yamekwisha kunuka gunia, nachekecha kitu ambacho hakina hata pumba, mkono unakwenda tu kwa sababu ukisimama nitalazimika kuinua macho, na mama mkwe wangu amekaa hapo mlangoni mwa jiko, kati yangu na mafiga, miguu ameinyoosha mbele, anasema usimjibu Mama Jovita, ukimjibu umepokea najisi yake, na kwani mtoto amesema nini cha ajabu, shikamoo bibi, shikamoo mama, moto wangu umezimika, basi, ameomba kaa moja la moto, si ng'ombe, si shamba, kaa moja kwenye kigae, asubuhi ya Julai, ukungu umeshuka kutoka mlima Kwaraa ukalala juu ya mashamba, na kibiriti hakuna, nani ana kibiriti Bagara nzima, tangu Pasaka duka la ushirika halijaona kibiriti, kila nyumba inaomba moto kwa jirani, ukiamka unaona vigae vinafuka moshi kutoka ua huu hadi ua ule, moto mmoja unazunguka mtaa mzima siku hizi, ila wa kwetu usivuke ua, ndivyo alivyosema Damiani alipoondoka Jumapili kwenda Mbulu kuwauliza wazee, mume wangu, alisimama hapa hapa amevaa koti lake la mvua, hakunitazama, akasema hadi nirudi chakula mwekee nje kwenye bakuli lake, lakini maji yetu, maziwa yetu na moto wetu visivuke ua kwenda kwake, na Damiani si mtu mbaya, ndiye aliyembeba Jovita huyu mabegani siku ya kwanza ya shule eti asichafue viatu, lakini mwiko wa watu wa Mbulu ni huo, msichana akishika mimba hajaolewa anatoka nyumbani, na nyumba itakayoshirikiana naye inatengwa pamoja naye, hakuna atakayekuja kuomba moto hapa, hakuna atakayenunua maziwa yangu, ng'ombe wetu watanyweshwa peke yao, na padri aliyetangaza kanisani kwamba hayo ni mambo ya kale, tena kwa sauti kubwa, mbona yeye mwenyewe hajafika kumwona mtoto kule kwenye banda la mabua ng'ambo ya korongo, banda linalovuja, na mvua ya jana isiyo ya msimu ndiyo imemzimia moto, tumbo la miezi sita na hana pa kuota moto, shikamoo mama, na marahaba yangu bado sijamrudishia.

Si wangu, najiambia, tangu Jumapili najiambia hivyo, hakuna wangu, hakuna changu, maneno ya Mama Sunil hayo, Mungu anisamehe, wiki hii nimeyashika kuliko rozari, Mama Sunil ambaye mwaka jana alirudi kwao Sri Lanka na mume wake, yule mhandisi wa mradi wa maji, wakaacha nyumba yao ya nyuma ya mikaratusi ikakaliwa na popo, na mimi nilikuwa nawapelekea maziwa kila asubuhi, nikabisha hodi, nikamkuta amekaa chini anatazama ukuta, kimya, macho nusu wazi, watu wakasema yule mama wa Kibudha anaabudu ukuta, na mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa jirani yangu Zena tukacheka hadi machozi, mpaka siku nilipomuuliza unaona nini hapo, akanyanyuka, akapika chai, akanipa kikombe, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, Mama Jovita, hii chai wapi, nikasema si hii hapa, akasema toa maziwa, nikasema haya nimetoa, toa majani, nimetoa, toa maji, nimetoa, toa sukari, nikamwambia dada yangu sukari ilishajitoa yenyewe tangu vita ya Uganda, akacheka, ana meno madogo yule mama, akicheka anaziba mdomo kwa ncha ya sari, akasema sasa chai wapi, na mimi nikatazama ndani ya kikombe kama mjinga, kwa kweli chai yenyewe sikuiona, niliona vitu vilivyokutana, na akasema basi, kila kitu hivyo hivyo, kitupu, hakina chenyewe ndani, kinakuja kwa vingine, nikamwambia utupu tunaujua sana sisi, nenda duka la ushirika ukaone, muuza duka anafungua asubuhi anafuta vumbi kwenye rafu zisizo na kitu, anakaa, anafunga jioni, akasema hapana, siyo duka bila sabuni, hata duka likijaa sabuni bado tupu, tupu hivi, na akafungua kiganja chake, akakifunga, akakifungua, sikuelewa, lakini nilipenda namna alivyokifungua, na nyumbani nilikwenda nikiangalia kila kitu, kibuyu cha maziwa, ua, mbwa, nikitoa hiki nikitoa kile, siku nzima nimeona dunia imekuwa nyepesi na mimi pia nimekuwa mwepesi, hata Damiani akauliza una nini leo unatabasamu na kinu.

Anasema nini sasa mama mkwe, mjukuu wangu mwenyewe kunitia najisi, anasema, nimefika umri huu sijatengwa hata siku moja, ananiambia mimi au anaiambia miguu iliyo chini ya minyaa, sauti yake inapanda inashuka, na mimi nachekecha, na nakumbuka siku ya sukari, sijui kwa nini nakumbuka leo, ilitangazwa kuna lori linakuja na sukari, basi jioni yake kila mtu akaweka jiwe lake kwenye foleni mbele ya duka, ndivyo tulivyofanya miaka hiyo na ndivyo tunavyofanya bado, jiwe lako ndilo wewe, unaliweka, unakwenda kukamua, unakwenda kulala, na jiwe linakushikia nafasi, hakuna anayeligusa, ukiruka jiwe la mtu ni sawa na kumsukuma yeye mwenyewe kifuani, na Mama Sunil naye alileta jiwe lake jeupe kutoka mtoni, akalipanga nyuma ya langu akalipangusa, akafurahi jinsi alivyofurahi siku ile, ananiambia watu wa Babati mnajua tayari, mimi nilisoma na watawa miaka mingi, ninyi mnajua tayari, nikasema tunajua nini, akasema angalia, hii Mama Jovita, hii Mama Marseli, hii Zena, na yote ni mawe tu, na wala si mawe tu, ukichukua moja watapigana, na asubuhi kweli wakapigana, maana lori lilikuja kinyumenyume likapita juu ya foleni nzima, mawe yakatawanyika, vumbi, kelele, na Mama Marseli na Zena wakashikana jiwe moja, huyu anasema ni langu nalijua kwa hili shimo, yule anasema shimo hilo nililiona mimi mwenyewe mtoni, wakavutana mpaka kitenge cha Zena kikalegea, na dereva akashuka, akasema jamani kina mama, naomba jiwe langu la tairi, nimeliweka hapo gari lisirudi nyuma, na Mama Sunil akakaa chini kabisa kwenye vumbi kwa kucheka, akanyoosha vidole, jiwe moja, anasema, jiwe moja, Mama Marseli, Zena, breki, na ndani ya jiwe hakuna Mama Marseli, hakuna Zena, hakuna breki, na mimi nikacheka naye lakini moyoni nilishtuka, nilishtuka vizuri, maana niliona kwa macho yangu kitu ambacho alikuwa ananieleza kwa miezi, na sukari kila mmoja alipata kilo moja, na jioni mawe yote yalikuwa mawe.

Nilimpenda yule mama, niseme tu, sijampenda mtu asiye ndugu yangu namna ile, na haikuwa kwamba hana hasira, loo, alikuwa na hasira ya pilipili, mume wake akichelewa kula vyungu vilisikika hadi kwa Zena, lakini hasira yake ilikuwa haikai, inapita inaondoka, hailali kwake, na ile sari yake ya kijani iliyoibwa kwenye kamba, nilifikiri atalia, miaka ile ya watu kuvaa magunia nguo ya hariri ilikuwa mali ya kufa mtu, na wiki kadhaa baadaye tuko mnadani nikaiona, nikaiona mimi kwanza, mgongoni mwa mwanamke mmoja wa upande wa Bonga, imekatwa katikati, amembebea mtoto, nikafungua mdomo kupiga kelele ya mwizi, na siku zile ukipigiwa kelele ya mwizi mnadani huenda usifike jioni, na Mama Sunil akanishika mkono hapa, juu ya kiwiko, kwa nguvu, akasema ngoja, angalia, mtoto amelala, nikasema lakini ni sari yako, akasema ilikuwa sari kwa sababu mimi navaa, sasa yeye anabeba mtoto, sasa mbeleko, akamwendea yule mwanamke, akarekebisha ncha iliyokuwa inamziba mtoto pua, akasema mtoto mzuri, akarudi, na uso wake haukuwa umejikaza kabisa, mimi namjua mtu anayejikaza, alikuwa ameona mbeleko kweli, na nikatamani kuona hivyo, nikatamani sana, usiku nikasali Baba Yetu nikaongeza na lile ombi, Bwana nifundishe kuona kama yule mama, sijui kama padri angeruhusu.

Na sasa ndiyo nimefundishwa nini, kwamba Jovita si wangu, kwamba toa tumbo, toa shule, toa jina, hakuna Jovita, kwa hiyo hakuna wa kumlilia, nimekaa na neno hilo tangu Jumapili kama pamba ya sikioni, akiita simsikii vizuri, na jinsi nilivyojisifu, ndiyo, nilijisifu, nikajiambia tazama Genoveva umefika, Damiani ameondoka bila kula wala kulala, mama mkwe ananung'unika usiku kucha, wewe umetulia, umekuwa Mama Sunil… Amekohoa. Jovita amekohoa, kikohozi cha chini, cha kuzuia na kiganja, anazuia bibi yake asikie, na mimi mkono umesimama juu ya ungo, na kumbe sikuwa nimetulia, nilikuwa nimeganda tu, maana Sunil naye alikohoa hivi, Sunil yule mtoto mwenyewe, mwaka ule wa homa, Mama Sunil alipita kwetu mbio amembeba mikononi, pekupeku, nywele zimemwagika hadi kiunoni, yeye ambaye sikuwahi kuona unywele umekaa ovyo, hakupiga hodi wala hakusalimia, akapita katikati ya mahindi yetu kufupisha njia ya hospitali, na mimi nikaacha maziwa nikamfuata, na pale kwenye benchi la hospitali, dawa hazipo, mganga ametumwa kuzitafuta kwa watu binafsi, anamfuta mtoto kwa kanga yangu iliyolowa na machozi yanamtiririka hadharani, na mimi, sijui shetani gani alinisukuma, nilitaka kumtania kidogo apate nguvu, nikasema lakini Mama Sunil, si ulisema hata huyu si wako, na akanigeukia, hakukasirika, alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali anapopajua, akasema ndiyo, si wangu, kwa hiyo nikae… akafuta tena, akasema kama wangu, nakimbia kwa sababu wangu, kama si wangu, nakimbia kwa sababu anaumwa. Na mtoto alipona, siku ya pili alikuwa anaomba ndizi, na mimi yale maneno niliyaweka pamoja na maneno yake mengine kama mtu anavyoweka vijiko, sikuyatazama, nimekuja kuyatazama leo nikiwa na unga mkononi.

Nakimbia kwa sababu anaumwa, basi kile kiganja chake kilichofunguliwa hakikuwa cha kuacha kitu kianguke, kilikuwa cha kupokea, Mama yangu Maria, mbona nilikuwa naelewa nusu, nilichukua utupu wa mtoto nikaacha utupu wa mwiko, nikasema Jovita hayupo lakini najisi yake ipo, ipo imara, haitoki hata ukiisugua, wakati ningetakiwa kuuliza hii najisi iko wapi, haya tuitafute, toa wazee wa Mbulu, toa hofu ya majirani, toa maneno ya Damiani mlangoni, toa miguu ya mama mkwe iliyonyooshwa hapo, kimebaki nini pale kwenye minyaa, mimba, na mimba ni mtoto tu, mtoto ambaye hajui kama alitakiwa kuja baada ya harusi, najisi ni jiwe la foleni, tumeliweka sisi jioni, na asubuhi tunalilinda, tunapigana, tunasema nalijua kwa hili shimo… lakini taratibu Genoveva, usikimbilie tena, maana jiwe la foleni lilimpa mtu sukari kweli, na hili nalo litafanya kazi yake kweli, Mama Marseli hatachukua maziwa, Zena atapita upande wa pili wa njia ameangalia chini, na Damiani atarudi akute nyumba yake imetengwa kwa mkono wa mke wake, atanipiga, hapana, Damiani hapigi, atanyamaza, na kunyamaza kwa Damiani nakuogopa zaidi, hayo yote yatakuja, sijidanganyi kwamba hayatakuja kwa sababu ndani yake ni matupu, njaa nayo ndani yake ni tupu na inauma.

Anasema nini mama mkwe, sasa hasemi na mimi, anasema na mikono yake, Fabiola, amesema Fabiola, jina la dada yake, alinisimulia mara moja tu tukiwa tunapura maharage, dada aliyetolewa hivi hivi zamani akiwa na mimba, akavushwa mpaka wa nchi yao akazae ugenini, na yeye mdogo akawekwa mlangoni kuangalia asirudi, na hakurudi, hakuna aliyejua alizaa nini wala alikufia wapi, kumbe ndiyo maana amekaa hivyo, kumbe amekaa mlangoni tangu wakati ule, na mimi siku zote hizi nimeona mwanamke mkali, nikasema huyu kaumbwa mkali, ukali ni wake, na hata huo si wake, umewekwa hapo na vitu vilivyokutana, na leo kwa mara ya kwanza sioni wa kumchukia hapa uani, wala mama mkwe, wala Damiani barabarani na koti lake, wala mimi mwenyewe na pamba yangu, nimetafuta, sioni, na Mama Sunil angekuwepo angeziba mdomo kwa ncha ya sari angecheka, si kwa dharau, angecheka kwa furaha kama siku ile ya mawe… Miguu bado iko pale. Haijasogea. Mmoja umepanda juu ya mwingine, vidole vinasuguana vipate joto. Ukungu haujaondoka, moto uko jikoni unapasua kuni, unga uko kwenye ungo, sijainuka, sijasema neno, na mama mkwe ameinua uso, macho yamelowa, ananiuliza, lakini kwa sauti ndogo safari hii, Mama Jovita, mbona umeacha kuchekecha, unamtazama nani pale, na nasikia sauti yangu ikijibu, inasema namtazama mtu anayesikia baridi, mama, naomba unipishe hapo kwenye mafiga.